Kusimama Kvernmo

Steinkjer, 14 Septemba 1996

Magnhild dada yangu,

Usishangae kupata barua badala ya simu. Ulimi wangu bado mzito, na simu haina huruma. Juzi nilipigia simu duka la nyuzi kuuliza kama sufu yangu imefika, yule binti akanijibu, "Mama, piga tena ukishalevuka." Nikakata. Kiharusi kimenipinda mdomo, watu wanasikia chupa.

Chumba changu kimya tangu tuachane wodini. Nilidhani nitafurahi kulala bila kukoroma kwako, kumbe ndiko kulikokuwa kunanibembeleza. Nakumbuka na mbio zetu za ukumbini pale hospitali. Bado nakuona ukija na ile fremu yako ya magurudumu kama mtu anayesukuma mkokoteni wa viazi, unanipita, unageuka kunicheka, na kule kugeuka ndiko kunakokuangusha mikononi mwa muuguzi. Halafu unasema, "Sikuanguka, nilikuwa namsalimia."

Habari zangu ni mguu. Wa kushoto bado unaburuta, vidole vinaning'inia kama vya mtu aliyelala. Wamenitilia bamba la plastiki ndani ya kiatu livishikilie visikwae. Daktari wa reli ameniambia Februari nitapimwa. Nitatakiwa kutembea treni ikiwa kasi, behewa la kwanza hadi la mwisho, bila kushika kitu. Nifungue ile milango mizito, nishuke jukwaani, nipande tena. Nikishindwa nitawekwa dirishani kukata tiketi mpaka nistaafu. Mimi! Nimekuwa kondakta tangu nikiwa msichana. Nikae kwenye dirisha lisilotembea?

Niandikie. Usiniambie mwandiko wako mbaya, wangu wa kabla ya kuugua haukuwa bora.

Wako,
Trude


Kvernmo, 29 Septemba 1996

Kondakta,

Haya madoadoa si kuku aliyepita na tope miguuni. Ni mimi naandika.

Mimi mzima, kinachoumwa ni sakafu. Wewe una mguu unaokataa kazi. Mimi miguu yangu yote miwili ina nguvu ya kumbeba ng'ombe, ila hakuna anayeiambia ardhi iko wapi. Daktari alinichorea tena kabla sijatoka: mshipa wa damu uliziba huku nyuma, kwenye ubongo mdogo, ambao kazi yake ni mizani. Nikikaa, dunia imetulia. Nikisimama inaondoka na mimi. Nikigeuza kichwa, jikoni panazunguka, na mistari ya barua yako inarukaruka kama viroboto, hivyo ananisomea mwanangu Eilif. Kwa hiyo angalia unachoandika kuhusu wanaume.

Eilif amepigilia vyuma vya kushikia kila ukuta. Nyumba imekuwa kama zizi, na kondoo ni mimi. Tangu baba yake afariki tunaendesha shamba wawili, sasa anaendesha peke yake na bado ananivua viatu jioni. Hasemi kitu. Ndivyo alivyo, hata akiungua atasema "samahani" kwa jiko.

Kondoo wameshuka mlimani wiki iliyopita. Nilizisikia kengele zao nikiwa dirishani, nikalia kidogo, halafu nikala chapati za viazi na siagi. Sikiliza ninachokuambia: kabla ya Krismasi nitakuwa nimeingia zizini kwa miguu yangu. Wewe utakuwa bado unagombana na vidole.

Magnhild


Steinkjer, 20 Oktoba 1996

Dada Magnhild,

Vidole vimeanza kusikia! Kidogo, kama mtoto anayeitwa akioga, lakini vimesikia.

Kijana anayenifanyisha mazoezi anaitwa Roar. Ananisimamisha juu ya mto wa sponji, ananirushia mpira. Ananitembeza kwa ubavu kama kaa. Kila mara ananiambia, "Weka uzito kushoto, Trude." Namwambia, "Kushoto hakuna mtu." Ananiambia, "Yupo, ila anaogopa kwa sababu humpi kazi."

Jumanne nilifanya jambo ambalo sikumwambia. Nilipanda treni kama abiria hadi Grong na kurudi, nikasimama katikati ya njia bila kushika. Tulipokata kona ya kwanza magoti yangu yakalegea yenyewe kama zamani. Yalikumbuka! Nikajisifu moyoni. Kona ya pili nikaenda kukaa mapajani mwa mwanajeshi mmoja. Akaniuliza, "Unashuka kituo gani?" Nikamjibu kwa huu ulimi wangu, "Sijaamua." Behewa zima lilicheka, mimi wa kwanza.

Msomaji wako Eilif asalimiwe. Wewe je? Umefika wapi? Sitaki habari za kondoo, nataka habari za miguu.

Trude


Kvernmo, 17 Novemba 1996

Trude,

Mimi naendelea vizuri sana. Naenda zizini kila siku. Asubuhi nakwenda, jioni nakwenda. Nawapa majani, natazama maji, narudi. Fremu nimeiacha barazani. Theluji imeanza lakini hainisumbui.

Eilif anakusalimu.

Magnhild


Steinkjer, 8 Desemba 1996

Bingwa!

Nimeisoma barua yako kwa sauti mbele ya Roar, na kwa sauti siku hizi nasikika kama binadamu. Alipiga makofi. Anasema mgonjwa wa mizani kutembea kwenye theluji bila fremu, miezi mitatu tu, ni jambo la kuandikwa. Ameniomba nikuulize: unashukaje zile ngazi za baraza? Unatanguliza mguu gani? Na unageukaje ukiwa na ndoo? Eleza yote, tujifunze kwako.

Nakuonea wivu na sikufichi. Mimi jana nimetembea hadi duka la mkate na kurudi, nikajiona nimefika ncha ya kaskazini. Ukisoma hii, simama jikoni, jipigie saluti.

Wako anayekukimbiza kwa nyuma,
Trude


Kvernmo, 19 Desemba 1996

Kwa Bi. Trude Aune,

Hatujaonana, ila nakufahamu kwa barua zako, maana mimi ndiye ninayemsomea mama. Zake anaandika mwenyewe na kuzifunga bahasha, sizisomi. Lakini kwa maswali unayouliza nimeelewa anachokuandikia.

Mama haendi zizini. Mwishoni mwa Oktoba alitoka peke yake asubuhi yenye jalidi, akaanguka uani. Nilikuwa juu msituni nakata kuni. Nilimkuta amelala chali, theluji imemwangukia usoni, amekaa hapo hadi midomo imekuwa ya buluu. Hakuvunjika kitu. Lakini tangu siku hiyo hasimami ila kutoka kitini kwenda kitandani, na hapo ananishika mpaka kucha zinaingia.

Niliposoma barua yako ya mwisho, ile sehemu ya kusimama jikoni na kujipigia saluti, aligeuzia uso ukutani, hakula.

Najua unaandika kwa upendo. Nakuomba usimwandikie tena habari za kutembea. Ikiwezekana usimwandikie kwa sasa. Manispaa imempatia nafasi kwenye nyumba ya wazee kuanzia Machi. Kondoo nitauza masika, siwezi peke yangu.

Hajui kama nimekuandikia.

Kwa heshima,
Eilif Kvernmo


Kvernmo, 16 Februari 1997

Trude Aune,

Mambo ni mawili. Umekufa, au umerudi kazini na kofia imekupanda kichwani. Kama umekufa, pumzika. Kama umerudi kazini, basi kila mchana unapita na treni chini ya dirisha langu, na kila mchana mimi natazama yale mabehewa kama mjinga nikitafuta uso wako, hadi kichwa kinazunguka na natapika. Krismasi hukuandika. Mwaka mpya hukuandika.

Nilianza kufikiri umejua. Basi jua kwa kinywa changu. Nilikudanganya. Siendi zizini. Nilianguka uani, nikatazama mbingu muda mrefu nikijaribu kuinuka, kila nikiinua kichwa dunia inanipindua. Nilifikiri nitafia hapo, hatua chache toka mlangoni kwangu, huku kahawa inachemka ndani. Niliogopa, Trude. Nimezalisha kondoo kwenye dhoruba, nimezika mume, sijawahi kuogopa namna ile. Nikaona heri wewe angalau uwe na rafiki anayetembea. Nikakuandikia huyo.

Jana Eilif alinipeleka kuona hiyo nyumba ya wazee. Pazuri. Pana maua. Watu wamepangwa ukutani kila mmoja na kiti chake, na mama mmoja akaniuliza kama nimekuja kumchukua. Tukiwa kwenye gari nikamwambia Eilif, "Trude angekuwa hapa angewakatia tiketi wote wakatoka." Hakucheka. Akawa mwekundu hadi masikioni. Nikamwuliza, "Una nini?"

"Nilimwandikia," akasema.

"Ulimwandikia nani?"

"Trude. Nilimwomba aache kukuandikia. Ulikuwa huli, mama."

Nilimpigia kelele kutoka daraja la mto hadi nyumbani. Nilimwita majina ambayo baba yake hakuwahi kuitwa. Alipozima injini akabaki ameshika usukani. Akasema, "Nilikukuta ukiwa wa buluu. Wewe hukujiona. Mimi nilikuona." Kwa kweli, hilo sikuwahi kulifikiria.

Tukakubaliana hivi: nyumba ya wazee isubiri hadi kondoo waende mlimani Juni. Kufikia hapo niwe naweza kutoka na kuingia mwenyewe. La sivyo nitakwenda kupangwa ukutani, wala sitanung'unika.

Sasa andika. Na andika habari za miguu, hata zikiniuma.

Magnhild


Steinkjer, 20 Februari 1997

Dada yangu,

Sikufa, na sikurudi kazini. Usinitafute madirishani.

Eilif aliniomba ninyamaze, kweli, lakini usimtwike yote. Januari ningeweza kuandika japo salamu. Tatizo nilianza kuogopa swali lako, "Mtihani je?" Hawakungoja Februari, walinipima mapema. Nilivuka behewa la kwanza na la pili vizuri, natabasamu kama bibi harusi. Kwenye mlango wa kuingia la tatu treni ikakata kona, uzito ukaenda kushoto, na mimi nikaukimbiza kulia kwa woga. Nikapiga magoti mbele ya daktari wa reli na mkubwa wa makondakta. Mkubwa akaniinua kwa upole kabisa. Upole wake ulinivunja kuliko sakafu. Akasema, "Dirishani pana joto, Trude. Pana hita."

Kwa hiyo wewe ulikuwa na rafiki anayetembea na mimi nilikuwa na rafiki bingwa, na wote wawili hawapo. Tumebaki sisi.

Nimeomba nipimwe tena Mei. Wamekubali kwa shingo upande, na wamesema hakuna mara ya tatu.

Sasa nisikilize, na mwambie Eilif akusomee polepole. Roar anasema kosa si kuanguka kwako, ni kwamba hukufundishwa kuinuka. Piga simu manispaa wakuletee mtu wa mazoezi nyumbani. Mwambie akufundishe kuinuka kutoka sakafuni kabla ya kitu kingine chochote. Yaani mlale sakafuni makusudi. Ukishajua njia ya kurudi juu, chini si shimo tena.

Na mwambie Eilif sina kinyongo naye.

Trude


Kvernmo, 30 Machi 1997, Pasaka

Mdogo wangu,

Eilif hajasoma barua yako ya mwisho. Nimesoma mimi! Nilifunika mistari kwa kadi nikawa naifunua mmoja mmoja, na viroboto wakatulia.

Manispaa wamemleta mwanamke anaitwa Siv, mfupi, mabega kama ya mpiga makasia. Siku ya kwanza nilimwambia, "Nifundishe kuanguka." Akasema, "Kuanguka unajua. Lala hapo." Tukalala wote wawili sakafuni jikoni, na jirani aliyekuja kuazima sukari akafungua mlango, akaufunga.

Kuinuka kwenyewe ni hivi. Geuka ubavu, na utulie. Kwa mkono jisukume ukae, utulie tena. Kisha magoti, halafu kiti, mguu mmoja mbele, juu. Kila pahali unasubiri kichwa kifike, maana chenyewe kinachelewa kama mzigo uliotumwa kwa posta. Nilipoinuka peke yangu mara ya kwanza, Siv alinimiminia kahawa tu. Nikagundua kwamba miezi yote ile nilikuwa sijapumua hadi chini.

Baada ya hapo tukaanza kusimama. Miguu ikiachana, miguu ikikutana, mguu mmoja mbele ya mwingine kama kwenye kamba. Chagua kitu kimoja kisichotembea, kikodolee macho. Kisha geuza kichwa taratibu, macho yabaki palepale. Nilitapika, nikafuta mdomo, nikarudia.

Lakini kilichoniponya hukitegemei. Nilimwambia Eilif anipeleke zizini kwa kiti cha magurudumu nione matumbo. Majike wote wana mimba, wanene kama mapipa. Akamwaga majani, wakanizunguka, nikasimama nimeshika ukingo wa hori. Wakasongamana. Trude, sikuweza kuanguka! Huku tumbo, huku tumbo, nyuma kichwa kinanisukuma kiunoni. Kila nikiyumba kondoo ananirudisha. Nikaachia hori. Nikasimama katikati yao mikono juu kama mtu anayeoga mtoni, nawasukuma, wananisukuma, na mwili wangu ukaanza kujibu kabla sijauambia. Eilif alisimama mlangoni na uma wa majani, mdomo wazi.

Siv alipoambiwa aliweka mkono kifuani. Akataka kuona. Akatazama kwa muda mrefu, halafu akasema, "Hospitali wana mashine ya kazi hii. Haitoi sufu." Sasa mazoezi yangu ni zizini, kila siku. Siku hizi nawaambia wasogee.

Bado natembea kwa mkongojo, na gizani bado sifai. Lakini jana nilitoka mlangoni, nikashuka ngazi za baraza, nikapita palepale nilipoangukia. Nikasimama hapo. Nikatema mate.

Sasa ni zamu yako.

Magnhild


Steinkjer, 25 Mei 1997

DADA,

Nimevuka!

Nakaa chini nikueleze. Asubuhi Roar alinisindikiza hadi stesheni, jasho linamtoka yeye. Mkubwa wa makondakta yupo, daktari yupo na kalamu yake. Treni ikashika kasi, nikaanza. La kwanza, la pili. Ukaja ule mlango. Nikaisikia kona inakuja, unajua inavyokuja, kwanza kwenye magurudumu halafu kwenye kiuno, na kila kitu ndani yangu kikataka kukimbilia kulia. Nikakumbuka kondoo wako. Nikasema, haya, nisukume. Nikauachia mwili wote uende kushoto, juu ya ule mguu mbovu, bila kujibakiza. Ukanibeba, Magnhild! Ukatetemeka, goti likapinda kidogo, ukanibeba hadi kona ikaisha.

La tatu, la nne. Nikafungua mlango wa mwisho. Grong nikashuka, nikapuliza filimbi, nikapanda. Kurudi wakaniambia nitangaze vituo kwenye kipaza sauti. Nikavitaja vyote. Bibi mmoja akamwambia mwenzake, "Huyu anasema vizuri, wengine wanamung'unya." Nikaingia chooni nikalia, nikatoka nikakagua tiketi yake.

Mkubwa alinishika mkono kwa nguvu safari hii, si kwa upole. Naanza tarehe tano Juni, Alhamisi, treni ya mchana ya kwenda kaskazini. Tutapita Kvernmo saa saba na kidogo. Najua hapo kwenu treni haisimami mpaka mtu awe jukwaani na ainue mkono, na mimi siwezi kumwambia dereva asimamishe watu wote kwa ajili ya urafiki. Kwa hiyo kaa dirishani kwako. Nitakuwa mlango wa behewa la pili, kofia mkononi, nakupungia hadi mkono ung'oke.

Trude wako, kondakta


Kvernmo, 30 Mei 1997

Trude,

Hongera. Nimeisoma mara nyingi, na Eilif nimemsomea mimi safari hii.

Mimi dirishani sikai. Nimekaa vya kutosha. Nitakuwa jukwaani.

Siv amejikuna kichwa. Anasema kusimama si tatizo, mteremko hadi kituoni si tatizo, mkono juu tunauweza. Tatizo ni treni yenyewe: kitu kikubwa kikipita karibu, macho yanadhani mimi ndiye ninayekwenda, na mizani inaniponyoka. Kwa hiyo tunafanya mazoezi. Nasimama kando ya barabara ya shamba, mkongojo mkono wa kushoto, wa kulia juu, naukodolea macho mti wa mbetula, na Eilif anapita mbele yangu na trekta. Anakwenda, anarudi, kasi kila mara zaidi. Majirani wanadhani tumegombana na ninamsimamisha.

Siku mbili za kwanza nilikaa kwenye majani kila akipita. Leo sikukaa.

Magnhild


Mosjøen, 5 Juni 1997, jioni

Dada yangu Magnhild,

Tunalala huku hadi kesho, na siwezi kungoja nifike nyumbani. Naandika kwenye karatasi ya reli.

Tangu Grong sikukaa. Dereva wa leo ni Asbjørn, mzee wa maneno machache. Sikumwambia kitu, niliapa. Tulipotoka kwenye handaki la mwisho nilifungua dirisha la mlango nikatoa kichwa. Nikaona mto, nikaona paa lenu jekundu, nikaona jukwaa. Na juu ya jukwaa kijiti. Nikasema, ni nguzo ile. Kisha nguzo ikainua mkono.

Sijui kama wewe huko uliisikia breki. Mimi niliisikia tumboni. Treni nzima, mabehewa yote, watalii wa Kijerumani na baiskeli zao, mifuko ya posta, Asbjørn na kahawa yake, vyote vikaanza kupungua mwendo kwa sababu Magnhild Kvernmo ameinua mkono. Injini ikakupita. Niliona koti lako likivutwa na upepo, skafu ikafunguka ikakupiga usoni. Ukayumba. Nilimwona Eilif kule nyuma ya kibanda cha kituo, mikono mbele kama anayedaka mpira, na niliona ulivyomfokea bila kugeuka. Miguu yako ikahama kidogo, mmoja ukajipanga, na mkono haukushuka. Mkono haukushuka mpaka tumesimama kabisa.

Nikashuka. Ule mguu wangu ulitangulia wenyewe, nimegundua sasa hivi ninapoandika. Nilikuwa nimepanga maneno matamu ya kukuambia. Badala yake likatoka la kazini, miaka yote hii kinywani:

"Mama unasafiri wapi?"

Na wewe, uso mkavu kama jiwe: "Sisafiri. Nimekuja kusimama."

Wale wa dirisha la karibu hawakuelewa kwa nini kondakta anamkumbatia mtu ambaye hapandi. Asbjørn alitoa kichwa, akatutazama, akatazama saa. Nilidhani atafoka. Akavua kofia. Baadaye njiani aliniuliza, "Yule ni nani?" Nikamweleza kwa kifupi. Baada ya vituo viwili akasema, "Tumechelewa kidogo. Nitaandika ni abiria." Alhamisi ijayo napita tena naye, nitamwomba apunguze mwendo akikaribia kwenu.

Dada, nimekagua tiketi leo hadi Mosjøen huku nalia, na hakuna aliyethubutu kuniuliza kama nimelewa.

Trude


Kvernmo, 8 Juni 1997

Trude, mdogo wangu,

Breki nilizisikia. Nilizisikia miguuni, mbao za jukwaa zilitetemeka, nikafikiri, sasa ardhi inayumba kweli na mimi ndiye niliyetulia. Nilicheka peke yangu pale. Hukuona kwa sababu ya skafu.

Mlipoondoka nilibaki nimesimama mpaka behewa la mwisho likaingia nyuma ya mlima. Eilif akaja. Hakunishika. Aliuliza, "Twende?" tukapanda mteremko, yeye mbele akinipa mgongo wa kutazama, mimi nyuma na mkongojo. Katikati nikachoka, nikamwomba mkono. Akanipa. Tulipofika uani akaingia jikoni, akapiga simu nyumba ya wazee akawaambia nafasi yangu wampe mwingine. Alisema maneno hayo mafupi tu, kisha akasimama ameshika simu iliyokatika, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mtu ambaye hata baba yake alipokufa alikwenda kupasua kuni. Nikasimama nyuma yake nikamkumbatia kiunoni kwa mikono yote miwili, na mkongojo ukaanguka, na mimi sikuanguka.

Kondoo hatuuzi. Tumeoka maandazi ya wafu, hapana, andika vizuri Magnhild: maandazi ya wavu, yale yanayobanwa kati ya vyuma viwili yakatoka na miraba kama wavu, tukala na jamu na jibini ya kahawia hadi tukaumwa. Siv alikuja akala manne, akasema sasa ataanza kunifundisha kutembea gizani. Nikamwambia usiku wa Juni huku hauna giza, arudi Septemba.

Umeandika kwamba Alhamisi ijayo unapita tena na utamwomba Asbjørn apunguze mwendo akikaribia Kvernmo. Mwambie asijisumbue, jukwaani hapatakuwa na mtu. Alhamisi tunapeleka kondoo mlimani, na mimi ndiye ninayetembea nyuma kuwahimiza wanaozubaa. Tazama juu, upande wa kulia, kwenye njia ya malisho. Ukiona mtu anapiga kelele, ni mimi.

Magnhild